Kodi ya Ulinzi: Nani Anatoa, Nani Anakula, Nani Analindwa?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na maswahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, Ijumaa mbili zilizopita wazee wetu wawili walibaki kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti baada ya swala, wakabishana kwa sauti hata watoto wa madrasa wakaacha vibao vyao na kuja kusikiliza. Mmoja alisema ni dhambi nchi maskini kama Kongo kununua ndege za vita na bunduki wakati mama zetu wanalala chini ya mahema ya plastiki na watoto wanakufa kwa kukosa kidonge. Alisema pesa ya jeshi iliongezwa sana mwaka 2023, na baada ya kuongezwa tulipata nini? Rubaya ilianguka mwisho wa Aprili 2024, Masisi-centre mwanzo wa Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi huohuo, na Machi vita vikafika Walikale-centre. Mzee wa pili akamjibu: nyumba isiyo na mlango haifai kuwekwa unga, kwa sababu mwizi ndiye atakayeupika. Wakanigeukia mimi. Nikawaambia nipeni muda. Jambo la damu na pesa za watu halijibiwi mtu akiwa amesimama na viatu mkononi.

Leo najibu, kwa kadiri ya elimu yangu ndogo. Sikusoma chuo kikuu, nimesoma chuo cha Qur'ani na kwa walimu wangu. Lakini swali hili ni la halali na haramu kabla ya kuwa la mabunge.

Kwanza, mzee wa pili ana haki katika asili ya jambo. Kulinda watu ni wajibu. Katika Suratul-Anfal Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuandae nguvu kadiri tunavyoweza, na hakusema tungoje mpaka tutajirike. Mwaka wa tano wa Hijra, Madina ilipozingirwa, Waislamu walikuwa na njaa kali, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifunga jiwe tumboni. Hata hivyo walichimba handaki, na yeye akachimba pamoja nao. Kwa hiyo anayesema kwamba umaskini unaondoa wajibu wa ulinzi, siwezi kumuunga mkono. Sisi wa Masisi na Walikale ndio wa mwisho duniani wa kusema kwamba ulinzi si kitu. Tumezika sana.

Lakini msome aya hiyohiyo mpaka mwisho wake, msiishie katikati kama wafanyavyo wapenda vita. Inaanza na nguvu na farasi, inamalizia na matumizi: kinachotolewa kwa njia ya Mungu kitarudishwa kamili, na watoaji hawatadhulumiwa. Na aya inayofuata inasema adui akielekea kwenye amani, nawe elekea. Silaha, hesabu ya pesa, na mlango wa amani vimewekwa pamoja. Ukichukua kimoja ukaacha viwili, umebadilisha amri.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wazee walibishana juu ya pesa bila kuitaja. Taasisi ya Stockholm inayohesabu matumizi ya majeshi duniani, iitwayo SIPRI, iliandika kwamba mwaka 2023 Kongo ilitumia dola milioni 794 kwa jeshi, ongezeko la asilimia 105 kwa mwaka mmoja. Hakuna nchi nyingine duniani iliyoongeza kwa kiwango hicho mwaka ule. Milioni 794 ni nyingi ukizisikia ukiwa na njaa. Lakini zigawanye kwa watu wa nchi hii, ambao ni kama milioni 100 na zaidi. Unapata dola 8 hivi kwa kila mtu kwa mwaka. Bei ya kuku mmoja na chumvi yake.

Wekeni hizo dola 8 kando, tuzungumze juu ya jeton.

Wazee na vijana wa Walikale na wa Masisi wanakumbuka. Miaka ya 2019 na 2020, katika vijiji vilivyokuwa chini ya kundi la NDC-R, kila mtu mzima alitoa franka 1,000 kwa mwezi, akapewa kikaratasi kiitwacho jeton. Ukikutwa njiani bila jeton ya mwezi, ulijua kitakachokupata. Franka 1,000 mara miezi 12 ni franka 12,000. Kwa bei ya dola ya wakati ule ni dola 7 hivi. Mkulima wa Pinga ambaye hajawahi kuona mlango wa benki alitoa kwa kundi moja tu karibu sawa na kile ambacho nchi nzima ilitumia kwa ulinzi wa kila raia wake mwaka 2023. Na hiyo ni jeton peke yake. Sijahesabu lala salama, sijahesabu salongo ya kubebeshwa mizigo, sijahesabu mbuzi wa mkubwa, wala kibariera cha kila Jumatano ya soko.

Ndugu zangu, hapa ndipo wazee wetu wote wawili walipokosa. Walibishana kama kwamba bajeti ya ulinzi iko Kinshasa na sisi tunaitazama kwa mbali. Bajeti ya ulinzi iko hapa barabarani, kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Sisi ndio tunaoitoa, na tumeitoa miaka mingi. Kodi yenyewe wameipa jina zuri, lala salama, na mtu anailipa jioni, kisha usiku analala msituni na watoto wake.

Swali basi si kama nchi maskini inaruhusiwa kulipia ulinzi, maana inalipa tayari. Ulizeni hivi: anayepokea pesa ya ulinzi anadaiwa nini? Na asipolinda, ile pesa mkononi mwake ni nini?

Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia habari ya mji wa Hims katika nchi ya Sham, mwaka 15 wa Hijra, ambao ni kama mwaka 636. Jeshi la Waislamu chini ya Abu Ubayda (r.a.) lilikuwa limeuchukua mji ule, na wakazi wake, wengi wao Wakristo, walikwisha kulipa kodi ili walindwe. Zikaja habari kwamba mfalme wa Warumi anakuja na jeshi kubwa sana, na Waislamu wakaona ni lazima waondoke wakakusanyike kwenye mto Yarmuk. Abu Ubayda akaamuru watu wa mji warudishiwe pesa waliyotoa. Waliambiwa: tulichukua hii kwa sharti la kuwalinda, na sasa hatuwezi kuwalinda, basi si yetu.

Fikirini juu ya jambo hili. Jeshi linajiandaa kwa vita kubwa ya maisha yake, linahitaji kila dirhamu, na waliotoa si Waislamu hata, ni watu wa dini nyingine. Pesa ikarudishwa. Kwa maswahaba, kodi ya ulinzi ilikuwa mkataba. Asiyelinda hana haki ya kula.

Nani hapa kwetu amewahi kurudisha? Sisemi serikali peke yake. Nasema wote walioshika bunduki kati ya Sake na Lubutu katika miaka hii 30. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwisho wa 2024 kwamba kundi la M23 lilikuwa linakusanya karibu dola 800,000 kwa mwezi kwenye koltani ya Rubaya, machimbo ambayo yanasemwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Pesa ile pia ilichukuliwa kwa jina la usalama na utawala. Na kabla yao? Kule Bisie, Walikale, kasiterite ilipogunduliwa karibu mwaka 2002 watu walifikiri riziki imefika. Mpaka mwaka 2009 brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, ambayo mwanzo ilikuwa Mai-Mai, ndiyo iliyotawala machimbo yale, na mchimbaji alitoa sehemu ya kilo zake kwa mwenye sare. Ndege zilitua barabarani pale Kilambo, zikaondoka na mawe yetu. Barabara ileile ilikuwa haina zahanati yenye dawa. Kwa hiyo asije mtu akaniambia haramu iko upande mmoja wa mstari wa vita. Karatasi hii inasomwa pande zote mbili za mstari huo, na waumini wa pande zote mbili ni ndugu zangu.

Sasa niseme juu ya askari, maana ni rahisi kumtukana askari, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo.

Nilikuwa juu ya pikipiki natoka upande wa Nyabiondo kwenda Kibua kwenye msiba. Bariera ya tatu, kijana mmoja mwenye bunduki alinisimamisha akaomba franka 1,000. Alikuwa wa upande gani sitasema, na hamtamjua. Nilikasirika nikamwambia: mwanangu, huogopi Mungu, unamnyang'anya mzee aendaye kuzika? Akainamisha kichwa. Akasema: Shehe, unisamehe, niko na mwezi wa tatu sijashika mushahara. Bibi yangu ananipigia simu kila usiku, mtoto anafukuzwa shule. Mkubwa ameniambia nijitafutie hapahapa. Nikampa zile franka. Njia yote mpaka Kibua nilikuwa najiuliza nimempa kama sadaka, au nimempa kama aliyenyang'anywa. Mpaka leo sijui.

Lile neno, "jitafutie", lina historia ndefu katika nchi hii. Wenye umri wangu walilisikia wakati wa Mobutu likiitwa Kifungu cha 15. Na kulikuwa na msemo wa Kilingala kwamba raia ni shamba la askari. Mtu akiambiwa raia ni shamba lake, hatapiga risasi kulilinda, atavuna. Wenzetu wa mjini wanakumbuka Januari 1993, Kinshasa: askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, wafanyabiashara wakazikataa, na askari wakaingia mitaani kupora, na watu wengi wakafa. Walikwisha kupora pia Septemba 1991. Miaka minne baada ya noti zile, mwaka 1997, jeshi la Zaire, lililokuwa na majenerali wengi wenye majumba Ulaya, liliyeyuka mbele ya AFDL kama sabuni ndani ya maji. Je, lilikosa silaha? Silaha lilikuwa nazo. Ila askari hakuwa na sababu ya kusimama mahali pake.

Baada ya hapo Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe wake, EUSEC, mwaka 2005. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa ndogo kwa maneno na kubwa kwa maana: kuhesabu askari mmoja mmoja, na kutenganisha mkono unaoamuru vita na mkono unaoshika mishahara. Kwa nini? Kwa sababu mkubwa aliyepokea pesa za watu 1,000 wakati ana watu 600 alikuwa anapenda sana wale 400 wasiokuwapo. Hawali, hawalalamiki, hawaumwi. Hao ndio askari hewa, na mishahara yao ilikuwa na wenyewe.

Sayyidna Umar (r.a.) alipoona mali ya Baytul-Mal imekuwa nyingi na majeshi yamekuwa makubwa, alianzisha diwani, yaani daftari. Kila mpiganaji jina lake, kabila lake, fungu lake, na watu wa nyumba yake wakaandikiwa chao. Mimi nilipokuwa mwanafunzi niliona hilo ni jambo la makarani. Sasa naona lilikuwa jambo la kuzuia dhuluma mbili kwa kalamu moja: askari asidhulumiwe na mkubwa wake, na raia asidhulumiwe na askari mwenye njaa.

Mwezi Machi 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka, serikali iliamua kuongeza mishahara ya askari na polisi mara mbili. Mimi nasema ni jambo jema, na nasema limechelewa sana. Mpaka wakati ule askari wa kawaida alipewa karibu dola 100 kwa mwezi. Na kwenye mstari uleule wa vita walikuwapo wazungu wa kukodiwa, wengi wao kutoka Romania, ambao mikataba yao, kwa mujibu wa waandishi wa habari walioiona, ilitaja dola 5,000 kwa mwezi. Karibu 300 kati yao waliweka silaha chini Goma ilipoanguka, wakapitishwa Rwanda, wakarudi kwao. Nchi ikimlipa mgeni mara 50 kuliko mwanawe ili amlinde huyohuyo mwanawe, imemwambia mwanawe thamani yake ni kiasi gani. Hata kama mgeni ana ujuzi. Mimi si mwanajeshi, huenda kuna jambo silijui juu ya ujuzi huo, lakini mara 50!

Kuna atakayeniambia: Shehe, mshahara si dawa ya yote, wako wakubwa wanaolipwa vizuri na bado wanaiba. Kweli. Ndiyo maana sheria yetu ina neno la peke yake kwa wizi wa mali ya jeshi, ghuluul. Baada ya Khaybar, mtumishi mmoja aliyekuwa akimhudumia Mtume (s.a.w.) alipigwa mshale akafa. Maswahaba wakasema hongera kwake, amepata pepo. Mtume akawakatalia. Akawaambia joho alilolichukua katika ngawira kabla haijagawanywa linawaka moto juu yake. Mtu mmoja aliposikia akaja haraka na ugwe wa kiatu aliokuwa ameuficha. Joho moja! Na yule mtu amekufa vitani, karibu na Mtume. Basi yule anayekula mafuta ya gari la wagonjwa la kikosi, au mgao wa chakula wa vijana walio juu ya kilima kwenye mvua, asijidanganye kwamba medali na bendera juu ya jeneza vitamfunika. Mwaka 2021, miezi michache baada ya hali ya kuzingirwa kuanza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei, kamati ya ulinzi ya Bunge yenyewe iliuliza pesa za operesheni zimekwenda wapi. Nilifurahi swali limeulizwa, ila sikusikia ugwe wa kiatu hata mmoja ukirudishwa.

Tuseme kidogo juu ya wageni, maana mzee wa kwanza alisema pia kwamba ulinzi tuwaachie Umoja wa Mataifa, wao wana pesa.

Pesa wanazo. MONUC ilikuja mwaka 1999, ikawa MONUSCO mwaka 2010, na kwa miaka mingi bajeti yake ilipita dola bilioni moja kwa mwaka, yaani zaidi ya ile milioni 794 ya nchi yenyewe. Mgeni amelipia mlango kuliko mwenye nyumba. Mimi sitawatukana. Wapo waliokufa kwa ajili yetu: mwaka 2013 brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilisimama na jeshi letu mpaka M23 ikashindwa Novemba mwaka ule, na wengi wetu tulifurahi kusikia askari wa kigeni anayetusalimia kwa Kiswahili safi kuliko chetu. Januari 2025 wanajeshi 14 wa Afrika Kusini waliuawa upande wa Sake na Goma, na wa Malawi na Tanzania pia walikufa. Mama zao wanalia kama mama zetu.

Lakini Walikale haiwezi kusahau Luvungi. Kuanzia tarehe 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, katika vijiji vya barabara ya Kibua na Mpofi, watu wasiopungua 387, wanawake, wanaume na watoto, walitendewa unyama ambao sitautaja msikitini. Umoja wa Mataifa wenyewe uliandika hesabu hiyo. Kituo cha askari wake kilikuwa kwenye barabara hiyohiyo. Walikuwa na magari, walikuwa na pesa, walikuwa na chakula. Hawakujua mpaka imekwisha. Askari wa mbali ana hesabu zake: anatoa ripoti kwao, bibi yake yuko kwao, na siku mkataba wake ukiisha anaondoka. Jeshi la Afrika Mashariki lilikuja Novemba 2022, Desemba 2023 likaondoka. La SADC likaja Desemba hiyo, na Machi 2025 wakuu wake wakaamua kulirudisha nyumbani. Ni haki yao.

Na si kwamba nchi yetu haikuzoea mambo haya. Mwaka 1977 Zaire iliokolewa Shaba na askari wa Morocco, mwaka 1978 Kolwezi ikaokolewa na Wafaransa na Wabelgiji. Miaka mitano baadaye, 1983, Mobutu akatuma askari wetu Chad kumsaidia Habré, ili dunia ione Zaire ni nchi kubwa. Nchi iliyoshindwa kujifungia mlango ilikwenda kulinda mlango wa jirani, na sifa zilipatikana kwa Wamarekani na Wafaransa. Hadhi ya namna hiyo ni kama kanzu ya kuazima siku ya Idi.

Nalisema hili kwa sababu Juni 2025 nchi yetu ilichaguliwa kukaa katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa miaka 2026 na 2027. Ilikwisha kukaa hapo wakati wa Zaire, 1982 na 1983, kisha 1990 na 1991. Wako vijana waliocheka: tutazungumza nini juu ya usalama wa dunia, sisi wa Masisi? Mimi sikucheka. Aliyeunguzwa ana haki ya kuzungumza juu ya moto. Mkataba ulisainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda, na kulikuwa pia na mazungumzo ya Doha na AFC/M23, na mlango wa amani ukifunguliwa aya imetuamrisha tuelekee. Ila mwakilishi wetu akiwauliza wengine katika baraza lile nani anafaidika na koltani ya Rubaya, na ni lazima aulize, atajibiwa kwa swali: na ninyi, daftari la askari wenu liko wapi? Heri awe nalo mkononi.

Kwa hiyo, wazee wangu, jibu langu ni hili, na mtanisahihisha. Nchi maskini inaweza kulipia jeshi, na yetu ni lazima ilipie. Lakini pesa hiyo ina mpangilio, na mpangilio ndio unaotenganisha halali na haramu. Mshahara wa askari na chakula chake na shule ya watoto wake vinakuja kabla ya ndege. Matibabu ya aliyejeruhiwa na haki ya mjane vinakuja kabla ya gari la jenerali. Tena kila bariera inayovunjwa ihesabiwe kuwa sehemu ya ulinzi, kama vile kifaru kinavyohesabiwa. Ukianza na kifaru ukamwacha aliyemo ndani yake na njaa, umenunua kifaru kwa ajili ya adui, maana atakikuta barabarani. Tuliyaona hayo Januari 2025.

Sisi nasi tusijitoe. Humu ndani ya safu zetu wapo wanaokusanya lala salama na asubuhi wanaswali Alfajiri mstari wa mbele. Wapo wafanyabiashara wanaojua gunia limetoka wapi na hawaulizi. Wapo wazazi waliompeleka kijana kwa Wazalendo kwa sababu alikuwa mzigo nyumbani, wakaita jambo hilo uzalendo. Mtetezi wa kweli wa kijiji namheshimu. Lakini kijana asiye na daftari, asiye na mshahara, na aliye na bunduki, tumemfanya sisi wenyewe kuwa yule kijana wa bariera ya tatu. Kesho atatuinamishia kichwa atuombe msamaha huku mkono uko mbele.

Na msiseme sisi hatuna la kufanya. Anayetoa ana haki ya kuuliza. Ukilipa, uliza kwa adabu: hii ni ya nini, inaandikwa wapi? Najua hatari yake. Asiye na uwezo wa kuuliza kwa ulimi amesamehewa, auchukie uovu kwa moyo. Mwenye uwezo, chifu wa groupement, mwalimu, mchungaji, imamu, hakusamehewa. Tuulize pamoja na Wakristo wenzetu, kwa sababu kamba ya bariera haiulizi dini ya mtu.

Tena ni aibu kuuliza hesabu za wengine na zetu zimefungwa. Sadaka iliyokusanywa humu kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita ilisomwa mara ya mwisho kabla ya Ramadhani. Nimemwomba mweka hazina alete daftari. Ijumaa ijayo, insha'Allah, baada ya swala na kabla watu hawajatawanyika, atasoma kila kilichoingia na kila kilichotoka, jina la aliyepokea na kiasi chake, pamoja na nauli yangu ya safari ya Kibua ambayo jumuiya ilinilipia, na franka 1,000 za bariera ndani yake. Daftari litabaki mezani karibu na mlango mpaka Alasiri. Anayeona kosa aseme, hata kama kosa ni la imamu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.